Jina Langu Halimo Katika Orodha ya Ufaransa

Chumba cha Nyuma,
Sakina, Arusha.
26 Agosti 2007

Katibu,
Chama cha Wakwea Miamba,
Chumba cha Mbele,
Nyumba hiyo hiyo.

Kwa Ndugu Katibu,

KUH: KUACHWA KWA JINA LANGU KATIKA ORODHA YA MSAFARA WA UFARANSA

Naomba usome kichwa cha habari hapo juu mara mbili, kisha ukae chini.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa leo asubuhi nimekusikia ukikohoa kupitia ukutani. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi. Baada ya salamu hiyo naomba usiwe tena mjukuu wangu hadi mwisho wa barua, maana jana mezani, nilipouliza habari ya safari, ulinijibu mbele ya mama yako, "Babu, mambo ya chama yana utaratibu. Andika barua kwa katibu." Mama yako Judica akacheka hadi akamwaga chai. Mimi nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne, na tisa kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Sijawahi kuambiwa niandike barua nikashindwa. Hii hapa, na nakala ninayo.

Kwa ajili ya faili la chama, nieleze kwanza tunazungumzia nini. Vijana sita wa Arusha, wakiongozwa na wewe, Brightness, wamealikwa na watalii ambao vijana hao waliwahi kuwapandisha mlimani. Wataondoka tarehe 10 Septemba na kurudi tarehe 24. Wanakwenda kwenye msitu mmoja huko Ufaransa wenye mawe makubwa yaliyotawanyika kati ya miti, mengi yasiyozidi urefu wa nyumba. Kazi yao ni kukwea mawe hayo bila kamba, na anayeshindwa anaanguka kwenye godoro lililotandikwa chini. Wakimaliza jiwe moja wanabeba godoro kwenda jiwe jingine. Hii ndiyo safari yenyewe. Sijaongeza kitu.

Orodha ya wasafiri mmeibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Nimeisoma mara nne, mara mbili kwa miwani, na mara mbili bila miwani kwa matumaini. Jina la Joakimu Basili halimo. Kwa hiyo ninaleta malalamiko yafuatayo.

1. Umri. Tangazo lenu linasema msafiri awe na umri wa miaka 18 hadi 35. Mimi miaka hiyo ninayo yote. Niliipitia mmoja mmoja, hakuna niliouruka, na nilipokuwa na thelathini na tano nilikaa nayo mwaka mzima bila mtu yeyote kunitajia Ufaransa. Sasa nina sitini na minane. Ukigawanya, unapata wasafiri wawili wa miaka thelathini na minne, na wote wawili wana sifa. Chama kinawapata kwa nauli ya mtu mmoja.

2. Mpangilio wa majina. Wa kwanza katika orodha yenu ni Adamu, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye akija hapa hunisalimia "shikamoo" huku akitazama simu. Nilipouliza kwa nini yeye ni wa kwanza, ulisema orodha imepangwa kwa uwezo. Ndugu Katibu, kwetu Nangwa, chini ya Mlima Hanang, majina ya watu huandikwa kama pombe inavyogawiwa kwenye kikao: mkubwa kwanza, anayemfuatia, na wengine kwa kushuka, hadi wale wanaopokea kibuyu kikiwa na machicha. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kushika kalamu. Ninataka orodha ifutwe, ipangwe upya kwa umri, na jina langu liwe la kwanza. Hili sitalegeza.

3. Chaki. Nimewaona mkipakaa chaki viganjani ili vidole visiteleze. Mnaiweka kwenye kifuko mnachofunga kiunoni, mnajisifu nayo, na mnaiagiza kutoka nje kwa bei ya mbuzi. Mimi nilipakaa chaki kuanzia Januari 1960 hadi Juni 1994. Ilikuwa mikononi, kwenye nywele, kwenye koti, na bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiikuta hadi kwenye kunde. Hakuna mtu katika chama chenu, na nadhani hakuna katika Ufaransa nzima, aliyepakaa chaki kunizidi. Kama ni kweli chaki humsaidia mtu kupanda, basi kwa kiasi nilichotumia ningekuwa nimeshafika mbinguni.

4. Uzoefu. Hapa ndipo mliponidharau zaidi, maana mlinipa fomu yenye swali, "Umewahi kukwea mwamba wowote?" nikajibu "Ndiyo, mmoja, 1952," na Adamu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Mwingine?"

Hakuna mwingine. Ila ule mmoja ulitosha.

Juu kidogo ya Nangwa, nyuma ya nyumba ya baba yangu, kulikuwa na mwamba tuliouita Ng'ombe Aliyelala, kwa sababu ukiutazama kutoka shambani una mgongo, una nundu, na kichwa kimegeukia mlimani. Upande mmoja unapandika kwa urahisi. Huko mgongoni ndiko tulikoanika ulezi, na kwenye bapa la chini tulimwaga magadi ng'ombe walambe. Dada yangu Fransiska, aliyenizidi miaka mitano, alipanda mgongo ule kila siku ya mavuno akiwa na kapu la ulezi kichwani, bila kushika kitu, huku akiimba. Wala hakujua kwamba huo ni mchezo. Angejua, angekuwa katibu wenu.

Mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilitaka kumwonyesha kwamba ninaweza kupandia upande wa kichwani, ambako hakuna aliyepandia. Nilipanda vizuri hadi kwenye sikio. Sikioni nikakwama. Mguu mmoja ulikuwa na mahali, mwingine hauna. Fransiska alikaa juu akaniambia, "Mtoto wewe, usitazame chini." Nikatazama chini. Chini alikuwa anapita Mzee Akonaay, mkubwa kuliko wote katika kitongoji, amebeba kibuyu cha pombe ya asali akielekea kwenye kikao.

Unajua sheria yetu. Mzee hapitwi bila kusalimiwa. Lakini pia mzee hasalimiwi kutoka juu ya kichwa chake. Mtu akiwa juu ya mti au juu ya paa anashuka, anasimama mahali palipo chini kuliko mzee, ndipo anaamkia. Nilipima mambo hayo mawili nikiwa nimeshika sikio la ng'ombe kwa vidole vitatu, nikaona kosa kubwa zaidi ni kunyamaza. Nikaanza kushuka nikaamkie.

Nilishuka haraka kuliko nilivyokusudia. Mzee Akonaay alikuwa godoro langu. Kibuyu kilipasuka. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa vizuri, nilimwamkia nikiwa nimekaa kifuani pake. Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri zaidi, aliitikia, akauliza kama baba hajambo na kama ng'ombe wamekunywa maji, ndipo akaniomba kwa upole nimwondokee. Mchungaji mmoja wa mbuzi aitwaye Nicodemo, aliyenizidi umri kwa mwaka mmoja, aliliona jambo lote. Alicheka hadi mbuzi wake wakaingia kwenye shamba la mtu. Jina hilo la Nicodemo ulikumbuke, nitalirudia.

Huo ndio uzoefu wangu. Ni wa kupanda, wa kukwama na wa kuanguka, yaani mchezo wenu wote kwa ukamilifu, ila sikupewa godoro la kununua.

5. Mazoezi. Mmedai sifanyi mazoezi. Jumatano iliyopita mlipokwenda mjini, niliukwea ule ubao wenu wa nyuma ya nyumba, uliofungwa vishikio vya plastiki vya rangi rangi. Nilishika cha kijani, nikakanyaga cha njano, nikatoka ardhini kwa kiasi cha kitabu kimoja kinene. Nilining'inia hapo kwa utulivu. Mara jirani yetu Mama Mwanaamina akachungulia uani juu ya ukuta, akasema, "Mwalimu, shikamoo! Unaanika nini huko?" Nikajibu marahaba nikiwa juu, jambo linaloruhusiwa, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. "Basi ukimaliza kuanika nikushikie kigoda," akasema. Nilimaliza wakati ule ule. Magoti yamepona, ahsante kwa kutouliza.

6. Pasipoti. Kijana wa dirishani pale Uhamiaji alinipokea kwa heshima. Akaniuliza mahali nilipozaliwa. Nikasema Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini, kama cheti cha ubatizo kinavyosema. Akasema jimbo hilo halimo kwenye orodha yake. Nikamwambia basi aandike Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Arusha, kama ilivyokuwa nilipoondoka Januari 1977. Akatazama, akasema, "Mzee, Hanang iko Manyara." Nikamwambia haijawahi. Akageuza kitabu chake nikaona. Kweli, tangu 2002.

Ndugu Katibu, nilikaa kwenye benchi pale nje nikatafakari jambo hilo. Mimi ndiye niliyehama kwetu. Kisha, nikiwa nimekaa hapa Arusha kwa utulivu, kwetu nako kukahama, kukaenda mkoa mwingine bila kuniaga. Sasa tumeachana pande zote mbili. Mtu wa namna hiyo mnamzuiaje kwenda Ufaransa? Tayari anaishi ugenini, kinachobaki ni nauli tu.

Mtaniuliza, maana mama yako ameniuliza sana, kwa nini katika miaka thelathini sijapanda basi kwenda Katesh, mji ulio jirani na Nangwa. Asubuhi unapanda, alasiri umefika. Nimejibu kila mara kwamba barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya kweli, lakini Fransiska ameipita mara sita kuja kunitazama, akiwa na kuku. Misiba yote ya kwetu nimeihudhuria kwa njia ya posta. Nina mwandiko mzuri wa rambirambi, kila mtu anausifu.

7. Tarehe. Lalamiko hili ndilo linalobeba mengine, ingawa nimelificha huku chini kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali. Ninaomba nisafiri tarehe zilezile, 10 hadi 24 Septemba. Mkisogeza safari kwa wiki mbili, sina haja nayo.

Alhamisi iliyopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa Halfani, mfanyabiashara wa magodoro na vitenge pale Katesh, ambaye baba yake aliniuzia kofia yangu ya kwanza. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nina mtu wako hapa dukani, amekalia bidhaa yangu." Akampa simu Fransiska. Alikuwa ameteremka Katesh siku ya mnada, ili anipigie.

Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana chama kinapenda ushahidi.

Alisema, "Joakimu, wanapasua Ng'ombe."

Nikauliza ng'ombe gani.

"Una ng'ombe wangapi wa mawe? Nicodemo amewaleta watu wenye nyundo. Wanawasha matairi juu yake apasuke, wanamwaga maji, wanagonga. Sikio limeshaondoka."

Siku hizi, Ndugu Katibu, kila kitu kina mnunuzi. Zamani jiwe lilikuwa jiwe. Tangu mkoa mpya uanzishwe, Katesh inajenga, watu wanataka kokoto, na mtu mwenye mwamba ni kama mwenye duka. Fransiska alirudi pale mwaka 1988, akajenga nyumba kwenye msingi ule ule wa baba, akapanda tena mahindi na ngano. Nicodemo anasema mahali pale palikuwa pori, kwamba alipafyeka yeye, na kwamba bibi kizee huyu alikuja akakaribishwa. Shauri liko kwenye Baraza la Kata. Litasikilizwa Ijumaa, tarehe 14 Septemba, saa nne asubuhi. Wazee wa baraza wamemwambia Fransiska alete shahidi au maandishi, yeyote au chochote kinachoonyesha kwamba baba yetu, Basili, alikuwa na mji wake pale kabla ya 1974. Akishindwa, mwamba ni wa Nicodemo, na shamba linaufuata mwamba.

"Watu wa kujua wamekufa wote," alisema Fransiska. "Tumebaki mimi, na Nicodemo, na wewe. Na wewe ndiye uliyeandika."

Nikamwambia kwamba tarehe hiyo kwa bahati mbaya nitakuwa Ufaransa, kwenye mawe, na kwamba pasipoti iko njiani.

"Mtoto wewe," alisema, "Ufaransa kuna mawe? Sisi huku tunayo, tena yanaondoka. Njoo uyawahi. Au na kuja Nangwa kunataka pasipoti?" Nikasikia Halfani akicheka, kisha vocha ikaisha.

Sasa ninalazimika kueleza alichomaanisha aliposema "wewe ndiye uliyeandika", ili chama kione jinsi ninavyoihitaji safari hii.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu pale pale Nangwa. Watu walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika, wakakae pamoja kwenye vijiji. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, basi nikaambiwa niandike kaya za kitongoji chetu, jina na mahali. Nilijua orodha ile ilikuwa ya kazi gani. Sitasema sikujua. Niliandika kaya ishirini na tatu kwenye daftari la shule, na niliziandika kama nilivyofundishwa, kwa heshima, mkubwa kwanza. Mzee Akonaay alikuwa ameshafariki. Mkubwa wa kitongoji sasa alikuwa baba yangu. Namba 1: Basili, kando ya Mwamba wa Ng'ombe Aliyelala. Nilipiga mstari chini yake kwa rula.

Nilichokuwa sijui ni kwamba lori litasoma orodha kutoka juu.

Lilikuja mwezi wa Machi, mvua ikiwa imeanza. Huko bondeni, palipotengwa kuwa kijiji, hakukuwa na nyumba hata moja, kulikuwa na vigingi. Lilimchukua namba 1 siku ya kwanza. Namba 2 na 3 siku ya pili. Lilipomaliza namba 5 lilivunjika springi kwenye korongo, na halikurudi tena. Kumi na wanane waliobaki hakuna aliyewagusa. Wa mwisho kabisa, namba 23, alikuwa Nicodemo. Kwa umri alipaswa kuwa katikati. Nilimshusha mwenyewe hadi mkiani, kwa sababu ya kile kicheko cha 1952. Ndivyo alivyobakizwa kwenye mji wake, jirani na mwamba wetu, kwa mkono wangu. Nilimkomoa kwa kumpa kila kitu.

Baba alipandishwa juu ya magunia ya ulezi, ameshika kigoda chake. Mimi nilisimama chini, daftari mkononi, nikiweka alama ya vema. Alinitazama akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri. Umenitanguliza." Hadi leo sijui kama alinisifu au alinilaumu. Baba alikuwa mtu wa adabu hata akikasirika, hukuweza kumjua. Alikaa miezi miwili chini ya turubai, akapata kikohozi ambacho hakikumwacha. Alifariki Aprili 1976. Mimi niliomba uhamisho, nikaupata, na tangu hapo barabara imekuwa mbaya.

Sasa mnaona ugumu. Maandishi yanayotakiwa na baraza ninayo mimi. Daftari lile liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, nimelihamisha nyumba nne bila kulifungua. Nikienda, litasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kutoka juu. Nicodemo atakuwepo na ataisikia namba yake. Mtu asiyetaka kukaa kwenye benchi lile ana haki ya kuwa mbali, na kwa kuwa ninajali ukweli, nataka niwe mbali kweli. Sitaki kusema uongo kwamba niko Ufaransa. Nataka niwe Ufaransa.

8. Mapendekezo. Nimefikiria mambo yatakayowapa shida, na nina majibu. Mkisema siwezi kukwea, niandikeni kama mtazamaji. Mkisema watazamaji hawahitajiki, niandikeni kama mtunza chaki. Mkisema chaki haihitaji mtunzaji, basi mmelalamika wenyewe kwamba godoro ni kubwa na ndege itatoza mzigo. Liacheni. Nipelekeni mimi. Nitalala chini ya jiwe lolote mtakalonionyesha, na mtu akianguka aniangukie. Kazi hiyo nimeiona ikifanywa na mzee wa heshima kuliko mimi, bila malalamiko, na ninajua maneno ya kusema mtu akiwa kifuani: unaitikia salamu, unauliza habari za baba yake, ndipo unamwomba aondoke.

Ninategemea majibu kwa maandishi, kwa njia ile ile, yaani chini ya sahani yangu ya asubuhi.

Wasalimie wasafiri wote sita, pamoja na Adamu, mwambie nimemsamehe ile kalamu nyekundu kwa kuwa ni rangi yangu pia. Msalimie mama yako aliye jikoni, Mama Mwanaamina aliye ukutani, na Wafaransa mtakaowakuta, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi, mwombaji asiyeorodheshwa,

Mwl. Joakimu Basili (mstaafu)

N.B. Jumatatu asubuhi. Bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Cheti cha ubatizo, kinachotakiwa kwa pasipoti, kilikuwa ndani ya sanduku la bati, na kwa kukitafuta nimelitoa daftari. Nimelisoma lote nikiwa nimekaa sakafuni. Mwandiko ni mzuri kweli. Namba 1 ina jina, ina mahali, ina mwamba, ina tarehe na sahihi yangu. Hakuna baraza litakalolikataa.

Kwa hiyo, Brightness (sasa umerudi kuwa mjukuu wangu), lalamiko namba 2 nalifuta. Acha orodha yako ilivyo. Waandike kwa uwezo, kwa urefu, kwa rangi ya viatu, kwa vyovyote ila kwa heshima. Namba 7 pia futa. Na jina langu lisiwekwe popote. Nimemwomba mama yako anikatie tiketi ya Katesh ya Jumatatu tarehe 10, siku mnayoondoka ninyi, ili nifike kabla sijapata sababu nyingine.

Daftari nitalisoma mwenyewe. Nitaanza namba 1, nitamaliza namba 23, na baada ya 23 nitaeleza kwa nini alikuwa wa 23.

Ombi langu limebaki moja, nalo ni dogo. Halfani ametuma ujumbe leo kwamba Fransiska amehamia juu ya mwamba tangu Ijumaa. Anashinda huko na sufuria na blanketi, wenye nyundo wamekaa chini wanamngoja ashuke, na ana miaka sabini na mitatu. Ninyi godoro mnaliacha, au nauli ya mzigo mmeipata? Kama mnaliacha, naomba niende nalo. Kama mnaondoka nalo, nitachukua moja kwa Halfani.

Upande wa mgongoni bado unapandika, amesema. Sitaupanda kwanza. Nitafika, nitaweka mzigo chini, nitasimama pale alipoangukiwa Mzee Akonaay. Dada yangu mkubwa atakuwa juu, nami nitakuwa chini yake, kila mtu mahali pake panapostahili, na nitamwamkia.